Mwezi Butte, Mwezi Astoria

Zella alipoanguka jikoni kwake Astoria, mji wa pwani, na kuvunjika nyonga, alilala sakafuni kwa muda wa saa sita akisikiliza redio. Simu ilikuwa mezani, hakuweza kuifikia. Redio ilikuwa juu ya friji, nayo ikamsomea hali ya upepo na mawimbi ya mdomo wa mto mara kumi na mbili, mpaka jirani alipokuja kurudisha bakuli. Baadaye alipenda kuisimulia habari hiyo kama kichekesho. Mdogo wake Mavis hakucheka. Yeye alikuwa Butte, kwenye milima ya Montana, mwendo wa siku nzima na zaidi kwa gari. Janine, binti wa Zella, alipompigia kumweleza, Mavis alivuta kiti akakaa, akasema neno moja.

"Basi."

"Basi nini, mama mdogo?"

"Basi kukaa peke yetu kumekwisha. Wazee wawili, kila mmoja na nyumba yake, utadhani tuna ugomvi."

"Na hamna?" Janine aliuliza.

"Tunao," Mavis alisema. "Lakini tunaweza kuwa nao tukiwa nyumba moja."

Zella alikuwa na miaka sabini na mitatu, Mavis sitini na minane. Zella alikuwa ameolewa mara mbili, kwanza na Duane, kisha na mvuvi mpole ambaye alishafariki, na kwa miaka mingi alikuwa na saluni ndogo mtaa wa chini karibu na mto. Mavis alikuwa ameendesha basi la shule kwenye miteremko ya Butte miaka thelathini na mmoja, theluji na jua, bila kumwangusha mtoto hata mmoja. Mumewe Leland alikuwa amekufa miaka sita nyuma. Hawakupata watoto.

Kukubaliana kwamba watakaa pamoja kulichukua dakika tano. Kukubaliana wakae wapi kulichukua Desemba yote.

"Butte ni nyumbani," Mavis alisema kwenye simu.

"Nyumbani kwako. Mimi niliondoka hapo nina miaka kumi na tisa."

"Nani alikufukuza?"

"Baridi. Na wewe ulikuwa unakoroma."

Mwishowe Zella ndiye aliyetoa shauri. Maneno ya simu hayafiki popote, alisema. Mji haujulikani kwa kuuzungumzia, unajulikana kwa kuamka ndani yake. Wakae mwezi mmoja Butte, kisha mwezi mmoja Astoria, halafu waamue. Na akaweka sharti: katika miezi hiyo miwili hakuna kusifu mji wako. Atakayesifu, ataosha vyombo siku hiyo.

"Na atakayelalamika juu ya mji wa mwenzake?" Mavis aliuliza.

"Huyo naye ataosha."

Katikati ya Februari Zella akapanda ndege, akabadilisha ndege Salt Lake, akatua Butte akiwa na fimbo mkono mmoja na koti ambalo Mavis alipoliona tu alimvua akampa la Leland.

Nyumba ilikuwa ile ile walimozaliwa, juu kwenye kilima, na ngazi kumi na moja za saruji kutoka barabarani hadi mlangoni. Dirisha la jikoni lilitazama minara miwili ya migodi, myeusi, iliyokuwa haijashusha mtu chini kwa miaka mingi, na nyuma yake mlima. Asubuhi ya kwanza hewa ilikuwa baridi kiasi kwamba pua ilishikana ukivuta pumzi, na anga lilikuwa la buluu, halina hata alama ya wingu. Zella alisimama dirishani na kikombe chake muda mrefu. Mavis alikuwa anakaanga mayai, hajageuka.

"Sijasema kitu," Mavis alisema.

"Unanyamaza kwa kusifu. Leo vyombo ni vyako."

Mwezi ule Zella alifurahi, na wala hakuficha. Kwenye duka la vyakula mwanamke wa kwenye kaunta alimtazama, akaacha kupiga hesabu, akasema, "Wewe ni binti wa Ante Vukelich. Pua ni yake kabisa." Zella alitembea na pua yake juu siku nzima. Walikula pasti, ile mikate ya nyama na viazi ambayo baba yao alikuwa akishuka nayo mgodini, wakaimwagia mchuzi, wakabishana kama mama yao alikuwa akitia vitunguu au la. Walipanda na gari mpaka kwenye ukingo wa shimo kubwa la shaba, lililokuwa limemeza mtaa mzima wa shangazi zao, wakakaa ndani ya gari na joto limewashwa, wakioneshana ilipokuwa nyumba ya fulani na ya fulani, mahali ambapo sasa palikuwa na maji ya rangi ya kutu.

Kila Jumapili Mavis alikwenda makaburini. Jumapili ya pili Zella akamfuata. Mavis alipita kati ya makaburi kama mtu apitaye mtaani kwake, akisimama kwa huyu, akifuta theluji kwa yule, akieleza: huyu ndiye tuliyekuwa tunacheza naye karata, huyu alikuwa fundi wa basi langu, huyu ndiye aliyenifundisha kuoka. Walipokuwa wanarudi Zella alisema, "Mavis, hebu nitajie mtu mmoja aliye hai."

"Maana yake nini?"

"Tangu nimefika nimesikia habari za watu kama arobaini. Watu wazuri, wachekeshaji. Wote wako pale kilimani."

"Emmett yuko hai."

Emmett Harkin alikuwa mgane wa ng'ambo ya barabara, mchimbaji wa zamani.

"Emmett ana miaka tisini na moja," Zella alisema, "na juzi aliniita kwa jina la mama."

Jioni ile Mavis aliosha vyombo bila kuambiwa, akivigonganisha kwa nguvu, na Zella akaingia jikoni, akachukua kitambaa, akawa anafuta kimoja kimoja. Walipomaliza Zella alimshika bega kabla ya kwenda kulala.

Wiki ya tatu hali ya hewa ililegea siku mbili, theluji ikayeyuka, kisha baridi ikarudi na kila kitu kikaganda kuwa kioo. Mavis alikuwa chumbani juu, anatandika vitanda. Alisikia mlango wa mbele, akatazama nje. Alijua kwamba kila alasiri Zella huvuka barabara kwenda kunywa kahawa na Emmett. Alichokuwa hajui ni jinsi anavyoshuka.

Zella alikuwa amesimama kwenye ngazi ya juu kabisa, mkoba ameuning'iniza shingoni. Alitazama kushoto na kulia, kama anayehakikisha mtaa hauna watu. Kisha akairusha fimbo yake chini. Ikateleza ngazi zote ikaishia barabarani. Akajishusha taratibu, akakaa, na kuanza kuteremka kwa makalio, ngazi moja, nyingine, mikono nyuma, mguu mbovu ameunyoosha mbele. Kwenye ya sita akapumzika. Mavis aliona mvuke wa pumzi yake ukitoka na kupotea. Alipofika chini alishika chuma cha ukuta, akajivuta, akasimama, akajipangusa koti la Leland nyuma, akaokota fimbo na kuvuka barabara kichwa juu, mtu anayekwenda kutembelea watu.

Mavis alirudi nyuma kutoka dirishani asije akaonekana. Alikaa kwenye kitanda alichokwisha kukitandika.

Zella aliporudi, Mavis alikuwa jikoni. "Umelowa nyuma," alisema.

"Kiti cha Emmett kibovu. Alimwaga maji."

"Kumbe."

Kesho yake na kila siku iliyofuata Mavis aliamka mapema akamwaga chumvi na mchanga kwenye ngazi zote kumi na moja. Ilipofika alasiri barafu ilikuwa imerudi.

Katikati ya Machi walifunga nyumba, wakampa Emmett ufunguo, wakaondoka kwa gari la Mavis kuelekea magharibi. Kulikuwa na jua, na barabara ilikuwa kavu. Zella alikuwa na furaha ya mtu anayerudi kwake na anajizuia kuionesha kwa sababu ya sharti la vyombo. Walifika Missoula kabla ya saa sita mchana, wakasimama kutia mafuta. Mavis aliporudi ndani ya gari alimkuta dada yake ametulia, anatazama barabarani.

"Kituo cha mabasi kilikuwa upande ule," Zella alisema. "Sijui kama bado kipo."

"Sijui. Ulikitumia lini?"

"Machi ya mwaka ule."

Hakuhitaji kusema mwaka gani. Mama yao alikuwa amemaliza miaka mitatu kitandani, na Mavis na Leland wamehamia kwake kumuuguza. Wiki ile ya mwisho Mavis alimpigia Zella akamwambia njoo, anakuuliza. Zella akasema anakuja. Hakuja. Baada ya mazishi alipiga simu akasema njia ya mlimani ilikuwa imefungwa na theluji. Mavis alikuwa dereva. Kila alfajiri saa kumi na moja alisikiliza hali ya barabara kwenye redio. Njia ilikuwa wazi wiki nzima. Alilijua hilo siku ile ile, akiwa ameshika simu, akasema, "Pole kwa safari," na hakulitaja tena miaka thelathini na saba. Lakini kadi za Krismasi alizoandika baada ya hapo zilikuwa na mistari miwili tu.

"Nilifika hapa," Zella alisema. "Nilitoka Astoria na basi, nimemwacha Janine kwa jirani. Tulikuwa tunabadilisha basi, nikaingia chooni kunawa uso. Kulikuwa na kioo, na taa kali. Kule nyumbani sikuwa nimejitazama vizuri." Aligusa chini ya jicho la kushoto. "Hili lilikuwa limefunga kabisa. Na hapa mpaka shingoni rangi ya bilingani. Duane alikuwa hataki nisafiri."

Mavis alikuwa ameshika ufunguo, hajawasha gari.

"Nikawaza, mama anakufa, na cha mwisho atakachokiona duniani ni hiki? Nikakaa pale kwenye benchi. Basi la Butte likaondoka nikiliangalia. Nikapanda la kurudi."

"Ungeniambia."

"Ungempigia simu Duane."

"Simu? Ningemgonga na basi."

"Ndiyo maana sikukuambia," Zella alisema, na wote wawili wakacheka kidogo, kicheko kisichokuwa na nguvu. "Mwaka uliofuata nilimwacha. Hilo unalijua."

Mavis aliwasha gari. Waliingia tena kwenye barabara kuu, misonobari ikawa mingi na njia ikaanza kupanda. Hakusema kitu mpaka walipokaribia mpaka wa Idaho, na Zella alikuwa ameshaanza kudhani hatasema kabisa.

"Asubuhi ile mama aliuliza kama umefika," Mavis alisema. "Nilimwambia umefika, uko jikoni unachemsha maji. Akasema, 'Vizuri, mwambie avue viatu.' Kisha akalala. Hakuamka."

Zella aligeukia dirishani. Baada ya muda alitoa kitambaa kwenye mkoba.

"Avue viatu," alisema.

"Hivyo hivyo. Alikuwa amepiga deki kichwani mwake, nadhani."

Walilala moteli moja kwenye nchi tambarare ya ngano, na kesho yake wakafuata mto mkubwa mpaka mawingu yakawashukia. Walipofika Astoria mvua ilikuwa inanyesha. Na haikuacha.

Nyumba ya Zella ilikuwa mlimani pia, lakini mlango wa jikoni ulitazama kichochoro cha nyuma na ulikuwa sawa na ardhi. Ulishuka garini ukaingia ndani bila kuinua mguu. Kutoka sebuleni uliona mto, mpana kiasi cha kusahau kwamba ni mto, na meli kubwa zimetia nanga zikisubiri zamu, na daraja refu la chuma likipotelea kwenye ukungu. Alfajiri simba-bahari walianza kubweka kwenye gati, mamia yao, kama mbwa waliolewa.

"Wanafanya hivyo kila siku?" Mavis aliuliza asubuhi ya kwanza.

"Unalalamika?"

"Nauliza."

"Kila siku. Utazoea."

Hakuzoea. Taulo hazikukauka. Mkate uliota ukungu siku ya tatu. Viatu vyake vya ngozi vilivyodumu miaka kumi Butte viliota manyoya ya kijani ndani ya kabati. Kulikuwa na namna kumi za mvua na watu wa pale walikuwa na adabu ya kutozitaja. Walitembea ndani yake bila mwavuli, wakisalimiana, kama vile juu yao hakuna kitu. Mavis aliosha vyombo karibu kila siku ya wiki ya kwanza.

Lakini alikuwa na macho. Aliona kwamba Alhamisi, ingawa saluni ilifungwa zamani, watu bado walikuja. Walipita mlango wa jikoni mmoja mmoja, wakatundika makoti yaliyolowa, wakajitilia kahawa bila kuomba, wakakaa kwenye kiti katikati ya jikoni. Zella, kwenye stuli ndefu kwa sababu ya nyonga, aliwakata nywele na kuwasema.

"Nani alikukata mara ya mwisho, Arvo? Mashine ya nyasi?"

"Nilijikata mwenyewe. Ulikuwa hospitali."

"Bora ungesubiri nife, ukapate mwingine."

Arvo Niemi alikuwa na miaka themanini, mvuvi mstaafu mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Macho yake yalikuwa yanafifia na walishamnyang'anya leseni. Alhamisi ya pili aligeuza kichwa upande wa Mavis, mkasi wa Zella ukiwa hewani, akasema, "Nasikia wewe ni dereva."

"Nilikuwa."

"Nina daktari wa macho Portland Jumanne. Mwanangu ana kazi. Sisemi lazima."

Jumanne Mavis alimpeleka, saa mbili kwenda, saa mbili kurudi, kwenye mvua. Walipofika nyuma ya lori la magogo Mavis alipunguza mwendo, akaacha nafasi kubwa.

"Unaendesha kama uliyebeba mayai," Arvo alisema.

"Nilibeba watoto wa watu miaka thelathini na mmoja."

"Walikuwa wanalalamika?"

"Walikuwa wanaimba. Wewe unalalamika."

Arvo alifikiri kidogo, kisha akaimba wimbo mmoja wa Kifini, wa babu zake, kwa ile sauti yake ndogo, mpaka mwisho, beti zote. Mavis alishikilia usukani na kutazama mbele. Kwa muda wa wimbo ule hakufikiria mvua.

Watu walisikia. Wiki iliyofuata mama mmoja alihitaji kupelekwa kwenye mashine ya figo, mwingine kwa mwanasheria. Mavis alikwenda, lakini kila aliporudi alikuta taulo mbichi, na dirishani weupe ule ule wa ukungu, usio na umbo. Janine alikuja Jumamosi moja, akamkuta ameshikilia kikaushio cha nywele anakausha viatu.

"Mama mdogo, umeamua?"

"Bado nakauka," Mavis alisema. Janine alicheka, lakini alipomtazama vizuri akaacha.

Siku tano kabla mwezi haujaisha, Mavis aliamka, akavaa, akamwambia Zella anakwenda kutia mafuta. Alitia. Kisha akafuata mto kurudi mashariki. Hakuwa amepanga, mikono yenyewe ilikuwa inaendesha. Alipita Portland mvua inanyesha, akaingia kwenye bonde ambako mto umebanwa na miamba na maporomoko yanamwagika pembeni ya barabara, mvua bado. Kisha, baada ya saa karibu nne kwa jumla, mahali ambapo misonobari inakoma ghafla na vilima vinakuwa vya kahawia, mvua ilikatika kama imekatwa kwa kisu, na jua likaingia ndani ya gari, likamkalia mapajani.

Alitoka barabarani, akaegesha kwenye uwanja wa changarawe juu ya mto. Akafungua mlango na kutoa miguu nje. Ardhi ilinuka vumbi. Anga lilikuwa kubwa. Alikaa hivyo, akavua viatu, akaviweka juu ya boneti. Kutoka pale Butte ilikuwa mbele, mwendo wa saa tisa kwa mwendo wake. Angefika kabla ya siku kuisha kabisa. Mkoba wake ulikuwa naye, na dawa zake, na Emmett alikuwa na ufunguo.

Alipiga simu.

"Uko wapi?" Zella aliuliza. "Mafuta gani haya?"

"Niko mahali pakavu."

Zella akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi kaa ukauke. Halafu urudi. Au usirudi, lakini niambie, nisikuwekee sahani."

"Nitakuambia."

Alikaa pale mpaka kivuli cha gari kikamzunguka. Alikula nusu ya mkate wa jibini alionunua njiani. Alijaribu kufikiria nyumba ya Butte, jikoni, dirisha, mwanga ule, na aliweza. Kila kitu kilikuja wazi. Lakini kila alipomweka Zella ndani ya nyumba ile, Zella hakukaa jikoni. Alikuwa kwenye ngazi ya sita, ameketi kwenye barafu, anapumzika, anatazama kama kuna mtu anamwona. Alijaribu mara kadhaa, alasiri nzima. Kisha akavaa viatu, akageuza gari.

Sahani ilikuwa mezani, imefunikwa na nyingine. Zella alikuwa anasoma gazeti, au ameshika gazeti.

"Nitahamia," Mavis alisema, kabla hajavua koti. "Lakini nisikilize. Sipendi hapa. Sitapenda. Nitasema kila siku kwamba sipendi, na sitaosha chombo chochote kwa sababu hiyo."

"Sawa."

"Julai nakwenda Butte mwezi mzima, Emmett ana chumba. Ukitaka utakuja, hakuna barafu."

"Nitakuja."

"Na utanunua mashine ya kukausha nguo inayokausha."

"Janine atanunua. Anajiona ana hatia." Zella alikunja gazeti. "Ni kwa ajili ya Missoula?"

"Si Missoula. Nilikasirika miaka thelathini na saba, siwezi kuacha kwa sababu ya kituo kimoja cha mafuta. Nitaacha polepole." Akavuta kiti, akafunua sahani. "Nilikuona kwenye ngazi."

Zella hakuuliza ngazi gani. Uso ukamwiva.

"Ulinionaje?"

"Nilikuona umejifunga mkoba shingoni kama ng'ombe na kengele."

"Kahawa ya Emmett ni nzuri," Zella alisema, kwa heshima yote aliyoweza kuikusanya.

"Ni mbaya sana. Kila mtu anajua."

Nyumba ya Butte iliuzwa Juni, kwa mwalimu na mkewe waliokuwa wanatarajia mtoto. Mavis aliwaonesha dirisha linalogoma, bomba la kufungua kidogo usiku wa baridi kali ili lisigande, na ukuta unaotoa joto la jua mchana. Yule mke aliandika kila kitu kwenye daftari. Mavis alimpenda kwa hilo, na alipokwisha kuagana nao alikaa ndani ya gari mbele ya nyumba ya Emmett na kulia, si muda mrefu. Emmett alitoka, akasimama kando ya dirisha la gari na mkono wake juu ya paa, akasubiri amalize.

"Mwambie mama yako namsalimu," alisema.

"Nitamwambia, Emmett."

Kati ya vitu vyote alichukua vichache, na meza ya chakula ya mwaloni. Lori lilipofika Astoria ikaonekana kwamba meza haipiti mlango wa jikoni, wala wa mbele, hata ikigeuzwa ubavu. Arvo alikuja kutoa maoni, ingawa haoni vizuri. Alisema miguu ikatwe. Mavis akamwambia ni yeye atakayekatwa miguu. Janine alipima, akapima tena, akasema labda kupitia dirishani, na dirisha lenyewe lilikuwa dogo kuliko mlango. Mwishowe waliiacha hapo ilipofika, kwenye baraza, chini ya paa, kati ya ukuta na nguzo.

Jioni ile ilikuwa kavu. Zella alileta viti, Mavis akaleta supu ya samaki. Upepo wa mtoni ulikuwa baridi na walikula wakiwa na makoti. Chini yao meli tatu zilikuwa zimegeukia upande mmoja na maji yanayotoka kwenda baharini.

"Itaoza hapa nje," Mavis alisema, akipitisha kiganja juu ya mbao.

"Tutaipaka mafuta kila mwaka."

"Mara mbili kwa mwaka. Na hali hii ya hewa yenu."

"Mara mbili," Zella alikubali. "Nipe chumvi."

Mavis akampa.